Shemeji anakuja na siku saba tu, Kanda ya Ziwa nimpitishe wapi?

Mkazi wa Mkuyuni

Wakuu habari za jioni.

Naomba mawazo, wenyeji hasa. Kaka yake mke wangu, mtu wa Muheza ambaye hajawahi kuvuka Singida maishani mwake, anatua Mwanza Jumamosi ijayo. Ana siku saba. Nilimpigia kumuuliza angependa kuona nini, akasema, "Shemeji, nionyeshe Kanda ya Ziwa yote." Nikamwambia hiyo ni mikoa sita: Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga. Akanijibu, "Kwani ziwa si moja?"

Nilicheka, lakini simu ilipokatika nikabaki nafikiri. Moja ndiyo, Ziwa Victoria, ila lina kilomita za mraba zipatazo 68,800. Nusu hivi ni yetu, sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Uganda, Wakenya wameambulia kama asilimia 6. Mtu aliyekulia Muheza ukimtajia ziwa anaona bwawa la samaki.

Nimepanga hivi: mjini siku mbili, Serengeti kwa lango la Ndabaka siku moja, kisha tuingie barabarani na Probox yangu tuvuke Daraja la Kigongo–Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba mpaka Bukoba, tugeuze.

Daraja ni lazima, hilo silijadili. Nimepeleka vyombo vya plastiki Sengerema miaka kumi na moja kwa kivuko. Mlioishi mnaikumbuka Kigongo ya zamani: unakuta foleni imeanzia kule juu, unazima gari, unanunua mayai mawili ya kuchemsha, dada anayapasua na kushindilia kachumbari katikati, unakula, unasinzia, unaamka, foleni imesogea magari matatu. Daraja lilizinduliwa Juni 2025, kilomita 3 kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Siku ya kwanza kulivuka nilinunua yai Kigongo kwa mazoea tu. Sijamaliza kulimenya, niko Busisi.

Basi semeni, wapi napoteza muda?

Kijana wa Mabatini

Nimewahi siti ya mbele, karanga ziko pembeni. Wahaya wakishafika hapa uzi huu hautafungwa leo.

Mwana wa Kashai

Tumeshafika, sogea.

Mleta uzi, umekosea pa kuanzia. Bukoba haiendewi kwa Probox. Ukija kwa barabara unaingilia mlango wa uani, tena mgongo umepinda. Sebule yetu iko majini. Mpandishe shemeji meli jioni pale bandarini Mwanza, alale, alfajiri aamshwe na kelele za watu wanaoshuka bandari ya Kemondo. Hapo atoke nje asimame kwenye ukingo. Ataona majabali yanayoshuka wima mpaka majini, na juu yake kijani kitupu cha migomba. Akija kwa gari ataiona migomba hiyo hiyo, lakini atakuwa ameizoea tangu Muleba, haitamshtua.

Na msidhani haya ni maringo tu (kidogo ni maringo). Miji ya ziwa hili yote imejengwa ikitazama maji, kwa sababu maji ndiyo yalikuwa barabara. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Reli yetu ilifika Mwanza 1928. Miaka yote ile katikati, mtu wa Bukoba au Mwanza mwenye mzigo wa kwenda pwani alikuwa jirani wa Kisumu kuliko wa Dar. Kahawa yetu ilipanda meli kwanza, habari za lori zimekuja juzi.

Kijana wa Mabatini

Nilisema mimi. Aya ya pili tu ameshataja kahawa.

Babu wa Igoma

Mimi sipingi meli. Ila msimwambie mgeni kana kwamba ni daladala ya Buhongwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilikuwa inatoka huko huko mnakosifia, imebakiza mwendo mfupi ifike Mwanza, ikapinduka. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi wamelazwa hapa Igoma, kwenye makaburi yao. Mimi nilikuwa na ndugu mle. Nikienda Bukoba naenda kwa basi, na sitaki kubishana na mtu.

Mleta uzi, ukipita Igoma simama dakika tano na shemeji wako. Hakuna cha kulipia.

Mwana wa Kashai

Babu pole sana, na samahani kwa utani wangu. Kwetu Kashai hakuna nyumba isiyokuwa na jina la kutaja katika siku ile. Tulikaa miaka tukiogopa maji. Sasa hivi MV Victoria ilishafanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi kazini 2020, watu wamerudi kupanda. Lakini naelewa kabisa anayesema hapana.

Mkazi wa Mkuyuni

Babu, Igoma tutasimama. Asante.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha jiografia sekondari miaka mingi, nyingi zikiwa Misungwi. Mgeni wa kwanza kufika Mwanza siku zote huuliza swali moja, nalo utaulizwa tu, kwa hiyo jiandae: "Haya mawe nani aliyapandisha?"

Hakuna aliyeyapandisha. Ardhi ndiyo iliyoshuka. Hii ni itale, mwamba wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, ulioganda chini ya ardhi ukiwa kipande kimoja. Baadaye ukapasuka nyufa, nyingine za wima, nyingine za kulala, kama mkate uliokatwa vipande bila kutenganishwa. Maji yakapenya kwenye nyufa yakaulainisha mwamba kuanzia pembeni, kona zikaliwa kwanza, ndiyo maana mengi yana umbo la mviringo. Mvua zikaja kuondoa udongo laini uliobaki katikati. Ukitazama Jiwe la Bismarck pale karibu na kivuko cha Kamanga, lile la juu halikuwekwa juu ya la chini. Yalikuwa jiwe moja.

Sasa umpeleke shemeji Bugando au Mabatini akatazame nyumba zilizojengwa kati ya mawe. Kuna watu ukuta wa jikoni ni tofali, wa chumbani ni jiwe lenyewe. Ikinyesha mvua utaona maji yanavyochagua njia zile zile za nyufa.

La pili atakaloshangaa ni kina. Ziwa hili ni kubwa lakini ni la juu juu, sehemu yenye kina kirefu haizidi sana mita 80. Tanganyika inakwenda mita 1,470. Tofauti ni kwamba Tanganyika ni ufa, letu ni sahani. Zamani mito ya huku ilikuwa inatiririka kwenda magharibi moja kwa moja. Kisha ardhi ya magharibi, kule ukingoni mwa Bonde la Ufa, ikainuka polepole. Mito ikazuiwa mbele, ikajaa, ikageuka. Kagera ni mmoja wa mito iliyogeuzwa, na leo ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Hiyo ghuba ya Mwanza ambayo mleta uzi alikuwa anakula mayai akisubiri kuivuka ni bonde la mto lililozama.

Na lilishawahi kukauka. Kiasi cha miaka 15,000 na ushee iliyopita, hapa pote palikuwa nyasi.

Kijana wa Mabatini

Mwalimu, mimi nimezaliwa juu ya hayo mawe na leo ndiyo nimejua. Shuleni tulikaririshwa "ziwa la pili kwa ukubwa duniani kwa maji baridi" basi.

Nyongeza kuhusu mjini: usimpeleke maduka makubwa, Muheza kwenda Tanga mjini ni karibu, ameyaona. Mpitishe Makoroboi asubuhi kabla watu hawajajaa. Mwambie jina limetokana na vibatari vya makopo vilivyokuwa vinatengenezwa pale. Halafu Capri Point, mpande boti kwenda Saanane, ni dakika chache tu. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa 2013. Jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa anaishi pale akilima na kuvua. Hifadhi ya taifa unayotoka ukiwa bado unasikia muziki wa baa, iko wapi nyingine?

Mdakama Halisi

Mwangaluka.

Naona mnazunguka mwambao tu. Mkoa wa Shinyanga mleta uzi ameutaja kwenye orodha halafu kwenye ratiba haumo.

Mwana wa Kashai

Mkuu, bila ugomvi: Shinyanga mna ziwa? Kata ipi?

Mdakama Halisi

Nililingoja hilo. Ziwa tunalinywa. Pale Ihelele, Misungwi, ndiko maji yanakovutwa kutoka ziwani, yakapandishwa na kuletwa Shinyanga na Kahama kwa bomba tangu 2009, na baadaye yakasogezwa mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Wewe wa Bukoba unayaangalia, sisi tunapikia.

Sasa nikupe kitu cha kumwambia shemeji. Neno "Sukuma" maana yake kaskazini. "Dakama" ni kusini, "Kiya" mashariki, "Ng'weli" magharibi. Yaani sisi kabila zima tunaitwa kwa dira! Mtu wa kusini akimtazama wa Mwanza anamwita Msukuma, wa kaskazini. Wa kaskazini anatuita Wadakama. Hakuna aliyekuwa anatumia ziwa kama kitovu, kila mtu alianzia pale aliposimama. Kwa hiyo hii "Kanda ya Ziwa" ni jina la ofisini, na ndani yake kuna nchi kavu kubwa kuliko mwambao.

Na maji ya mvua yenyewe yanatukataa. Mvua ikinyesha Bariadi inaingia mto Simiyu, inafika ziwani, inatoka Jinja na kwenda Misri. Ikinyesha huku kwetu upande wa Manonga inakwenda Wembere, Kitangiri, hadi Eyasi, inaishia kwenye chumvi. Ikinyesha Bukombe, ambako ni mkoa wa Geita kabisa, inashuka Kigosi na Moyowosi mpaka Malagarasi, inaingia Tanganyika, na ya kufika mbali inafika bahari ya Atlantiki kupitia Kongo. Mikoa jirani, matone matatu, kila moja lina safari yake. Hilo usipomwonyesha shemeji atarudi Muheza akidhani kila kitu huku kinaelekea Victoria.

Mwalimu Mstaafu

Mdakama, hapo nimevua kofia. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama zote.

Ongeza ngitili. Shinyanga miaka ya 1980 ilikuwa inaelekea jangwa, miti imekatwa, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 watu wakarudia desturi yao ya kutenga eneo la malisho ya kiangazi, mifugo haiingii mpaka wakati wake. Vichaka vikarudi vyenyewe. Barabarani ukitoka Mwanza utaona kipande kimeungua jua, cha jirani kimejaa migunga. Hicho cha pili mara nyingi ni ngitili ya mtu au ya kijiji.

Mwana wa Kashai

Nimekubali, mnalo. Kwenye bomba.

Mura wa Kirumi

Aisee mmesema sana, Mara mnaitaja kama njia ya kwenda kuona nyumbu.

Mura, sikiliza. Wale nyumbu mnaowaona kwenye picha wanajirusha mtoni, maji yale ndiyo haya yanapita chini ya daraja letu la Kirumi, barabara ya Musoma kwenda Tarime. Yanatoka misitu ya Mau kule Kenya, yanapita Serengeti, yanafika kwetu yametulia, yanasambaa kwenye mafunjo kabla ya kuingia ziwani. Huko juu mamba na makelele, huku chini mtu anavua kambare kimya kimya. Hakuna mtalii anayesimama.

Na Butiama iko hapo. Mwalimu Nyerere alizaliwa pale Aprili 13, 1922, na amezikwa pale pale Mwitongo mwaka 1999. Mtu mzima wa Muheza aje mpaka Ndabaka halafu ageuze bila kufika Butiama? Atawaambia nini wazee wake?

Mkazi wa Mkuyuni

Mura umeniweka pabaya. Mzee wake shemeji alikuwa balozi wa nyumba kumi enzi hizo, picha ya Mwalimu bado iko sebuleni. Nakata siku ya Serengeti, tunakwenda Butiama. Tena huko kwao kuna hifadhi ya Saadani, wanyama anao.

Mvuvi Kirumba

Msisahau mwaloni, soko letu la samaki. Kila mtu anaongea mawe na mito, chakula hakuna anayekitaja.

Mlete Kirumba alfajiri, siyo saa nne mkifika watu wameshamaliza. Avae viatu vya kufunga, ndala zitabaki matopeni. Ataona magunia ya dagaa yamepangwa mpaka juu, mengine yanakwenda Kongo, mengine Burundi. Mwonyeshe tofauti ya dagaa waliokaushwa kwenye mchanga na waliokaushwa kwenye chanja: chukua wachache, watie kinywani bila kuosha. Ukisikia kokoto, huyo ni wa mchanga, punguza bei.

Sangara usimdanganye ni wa asili. Aliletwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, akakaa kimya kama miaka ishirini na kitu, halafu miaka ya 1980 akalipuka, akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili. Babu yangu alikuwa na majina ya furu mpaka vidole vya mikono na miguu vinaisha. Mimi najua matatu. Leo sangara minofu inapanda ndege, bondo lake, ule mfuko wa hewa tumboni, linakwenda Asia na ndilo lenye hela kubwa kwa kilo, mapanki, yaani mifupa iliyobaki, tunakaanga sisi. Siyo kwamba nalalamika, mapanki yakipikwa na mtu anayejua ni chakula. Lakini mgeni ajue anakula kipande gani cha samaki na kwa nini.

Binti Nansio

Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Babu, pole. Mwalimu, asante. Wengine wote nawauliza: Ukerewe iko wapi?

Mmezunguka ziwa, mmeingia Shinyanga, mmefika mpaka bahari ya Atlantiki! Kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ndani ya maziwa Afrika kiko kilomita kama 45 kutoka hapo mnapokunywa chai, mnakiruka. Tuna visiwa 38 wilaya moja. Wafanyabiashara wa misafara ya zamani ziwa lote walikuwa wanaliita Ukerewe. Speke alikuja 3 Agosti 1858, akatazama maji kwa siku chache, akaliita jina la malkia wake, likabaki. Waganda wanaliita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe. Kila mtu ana jina lake ila sisi tuliokuwa nalo ndio mnaturuka.

Mleta uzi, mlete shemeji Nansio kwa meli, mlale, asubuhi mvuke Ukara. Ukara kuna jiwe linalocheza, lakini mimi ningemleta kuona mashamba. Ni kisiwa kidogo, watu wengi, kwa hiyo Wakara hawana ardhi ya kuchezea. Ng'ombe anafugwa ndani, analetewa majani, anakaa kwenye shimo ili mbolea isipotee hata kidogo, kisha mbolea inabebwa kichwani kwenda shambani. Wataalamu wa kilimo wameandika juu ya watu hawa tangu enzi za Mwingereza. Kutoka Muheza akione hicho, maana kule kwao chungwa linaoza chini ya mti.

Naongea nikijua hatari yake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara, karibu kabisa na gati, watu zaidi ya 200. Sisi hatuna basi la kuchagua kama Babu wa Igoma. Kwetu maji ndiyo mlango.

Nitawakaangia sato. Nakuambia mapema.

Mkazi wa Mkuyuni

Binti Nansio usinune. Naangalia siku zenyewe hazitoshi, lakini nitajitahidi.

Mpango mpya: mjini Jumapili, Jumatatu makumbusho ya Wasukuma Bujora na Igoma, Jumanne Butiama na kurudi, Jumatano Ukerewe, Alhamisi jioni meli ya Bukoba kama ipo siku hiyo, Ijumaa usiku basi kurudi kupitia darajani ili asubuhi Jumamosi awahi ndege. Probox inapumzika.

Mtu wa Chato

Rubondo je? Hifadhi ya kisiwa tangu 1977. Sokwe wake waliletwa miaka ya 1966 hadi 1969 kutoka bustani za wanyama za Ulaya wakaachiwa msituni, wakazoea. Sokwe waliorudi kutoka Ulaya!

Mkazi wa Mkuyuni

Mkuu wa Chato, Rubondo ni mfuko mwingine. Siku nikiuza kiwanja.

---

Mkazi wa Mkuyuni

MREJESHO

Wakuu, shemeji amepanda ndege leo asubuhi. Nimelala, nimeamka, naandika.

Jumapili usiku tulikaa Capri Point, mwezi hakuna, giza. Shemeji akaniuliza, "Ule mtaa ng'ambo ile wenye taa nyingi unaitwaje?" Nikamwambia siyo mtaa, ni mitumbwi ya dagaa. Hakuamini. Alikaa zaidi ya saa nzima akizitazama, mpaka moja ikasogea. Hapo ndipo aliposema, "Kumbe wanahama." Kesho yake saa kumi na moja alfajiri yeye ndiye aliyeniamsha twende mwaloni. Alikuja na ndala. Moja imebaki.

Alipofika Bujora, pale Kisesa, alipiga ngoma moja mpaka mlinzi akaja kumwomba apumzike. Igoma tulisimama. Alisoma kibao, hakusema kitu hadi Nyakato.

Butiama sitaandika mengi. Alichota mchanga kidogo akaufunga kwenye kitambaa kumpelekea mzee. Kurudi mvua ilitupiga kuanzia Bunda hadi Magu, tukafika nyumbani saa sita usiku. Jumatano asubuhi shemeji ana homa. Malaria hakuna, ni uchovu na mvua tu, lakini mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo walio kwenye ndoa wanalijua. Nansio ikafa hapo.

Alhamisi jioni meli ilikuwepo. Mwana wa Kashai, ulisema kweli. Shemeji alitoka nje saa tisa usiku kukojoa hakurudi. Nikamfuata nikamkuta ameegemea ukingo anatafuta ng'ambo. Hakuna ng'ambo. Yeye ni mtu wa karibu na bahari, anajua maji yasiyo na mwisho, ila alikuwa anachota kwa kikombe alichofungia kamba na kuonja kila baada ya muda. Anasema akili yake ilikuwa inakataa kwamba haina chumvi.

Kemondo tulifika ukungu haujatoka. Kijani kile kimemwingia. Akauliza kwa nini huku kumelowa hivi wakati Magu mihogo inahangaika. Nikamtafutia jibu la mwalimu.

Mwalimu Mstaafu

Upepo. Unatoka mashariki ukiwa mkavu, unapita juu ya ziwa unakunywa maji njia nzima, unafika Bukoba umeshiba. Bukoba inapata mvua ya milimita kama 2,000 kwa mwaka, Mwanza nusu yake hivi. Ndiyo maana huku mihogo na mtama, kule ndizi na kahawa. Ziwa moja, lakini shemeji amekuta kando mbili zisizofanana.

Mwana wa Kashai

Alikula senene?

Mkazi wa Mkuyuni

Msimu bado. Alikula ndizi na maharage sahani mbili, akaomba ndizi ya tatu akaambiwa hiyo ni ya kupika siyo ya kubeba.

Sasa sikieni mkasa. Ijumaa basi likatoka Bukoba. Nimemsimulia daraja wiki nzima. Kigongo, Busisi, foleni, mayai, miaka kumi na moja. Nilimpa siti ya dirishani. Nikakaa macho Biharamulo, Geita, Sengerema. Tukakaribia Busisi nikamgusa bega. Anakoroma. Nikasema nimwache sekunde chache taa za daraja zianze kuonekana vizuri. Nikatafuta simu nipige picha. Nainua kichwa, tuko Kigongo.

Nikamwamsha. "Shemeji, daraja!"

Akafikicha macho, akatazama nje, akaona vibanda. "Daraja gani?"

Kijana wa Mabatini

HAHAHAHA nimemwaga karanga.

Mdakama Halisi

Kivuko kingekuwepo angeamka, angekula yai, angerudi kulala, angeamka tena.

Babu wa Igoma

Mmefika salama. Asante kwa kusimama pale.

Mura wa Kirumi

Ule mchanga umefika Muheza?

Mkazi wa Mkuyuni

Umefika. Amenipigia sasa hivi, mzee ameuweka kabatini chini ya picha.

Na amesema Desemba anarudi, anataka alale macho darajani, na anataka Ukerewe. Binti Nansio, upo?

Binti Nansio

Nipo. Sato alikaangwa Jumatano, ameliwa Jumatano.